Fundo la Sale

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mtoto wa kaka yake, kijana mwenye sauti nzuri aliyevaa suti ya kuazima, na alipofika mwaka ule akauruka kama mtu anavyoruka dimbwi. "Baada ya masomo alifanya kazi kwa muda mfupi katika bustani ya mimea mjini Arusha, kisha akajiunga na shamba la maua." Muda mfupi! Nilikuwa nimekaa kwenye benchi chini ya turubai, Nkoaranga, miguu imevimba kwa kupanda ule mlima, na nilitamani kusimama nimwambie arudie. Lakini nani angemwelewa bibi mzima anayegombana na karatasi ya msiba? Anaeli, aliyekuwa ndani ya lile jeneza, alikuwa mchoraji. Hakuna aliyelitamka neno hilo pale, si mchungaji, si mwenyekiti wa kitongoji, wala watoto wake, maana watoto wake hawajui. Mimi najua. Nililala naye chumba kimoja mwaka mzima, na mwaka huo ndio ninaoutaka hapa. Mambo ya kwetu, nani alimzaa nani na tulisoma wapi, watayasema wengine wakipenda.

Chumba chetu kilikuwa Sanawari, uani kwa mama mmoja wa Kichaga aliyeuza mitumba, na kwa kuwa kitanda kilikuwa kimoja tulilala mzungu wa nne, miguu yake kwenye uso wangu na yangu kwenye wake. Tulikuwa na jiko la mafuta ya taa, pazia la kanga lililoficha ndoo, na dirishani mstari wa vikopo vyenye majani aliyookota njiani. Soko huria ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kuonekana kwa macho: maduka tuliyoyazoea na chumvi na viberiti sasa yalikuwa na sabuni za kunukia, soksi za rangi, biskuti za kila namna. Wasichana wenzetu walinunua viatu. Anaeli alinunua rangi za maji zilizoingia kwa njia ya Namanga, akazifungia kwenye shuka safi, na mimi nikalalia shuka chafu. Mama yake alikuwa akitutumia loshoro kwenye kindoo kwa mtu yeyote aliyeshuka mjini, mahindi na maziwa mgando, na mimi nilikuwa naikuta kwake imeganda kwenye bakuli huku yeye ameinamia jani. "Kula kwanza, wewe!" namfokea. "Jani litasinyaa, Aisia. Loshoro haisinyai." Alikuwa na majivuno, sitamsingizia unyenyekevu kwa sababu amekufa. Alikuwa akisema, "Mimi nikichora mgomba, ng'ombe atakuja kuula," na mama mwenye nyumba akicheka anajibu kutoka uani kwamba basi achore na ng'ombe mwenyewe, tupate maziwa. Nikikumbuka kicheko kile naona raha, na hapo hapo raha yenyewe inaniuma.

Bustani ilikuwa upande wa juu wa mji, mto ukipita katikati yake, miti ya zamani iliyopandwa na watu ambao hakuna aliyewakumbuka. Serikali ilikuwa imeitunza kwa miaka, halafu ikaambiwa ijitegemee, kama tulivyoambiwa wote. Meneja wake, Bwana Aminiel, alikuwa Mchaga wa Machame, mzee wa kanisa, mwimba besi, mtu mwenye upole ambao hata leo nikitaka kumchukia lazima kwanza niuweke pembeni. Yeye ndiye aliyemwona Anaeli akichora nje ya geti akamwambia, "Binti, ingia ndani, huko nje kuna vumbi." Na yeye ndiye aliyebuni maonyesho. Stoo kuukuu ya kahawa mle bustanini, iliyobaki tupu na harufu yake ya maganda, ipakwe chokaa. Picha za mimea ya bustani zitundikwe humo. Watu wakate tiketi, waangalie picha, kisha watoke nje wakautafute mmea wenyewe. Mwezi wa kwanza tulidhani hakuna atakayekuja. Wakaja: walimu, masista, Wahindi na watoto wao, wafanyabiashara wa Kilimanjaro na wake zao waliovaa vitenge vipya. Kila msimu tukawa na maonyesho mapya, ya majani, ya maganda ya miti, ya mbegu. Anaeli alichora, mimi nilikata karatasi ngumu, nikabandika, nikatundika, na siku ya wageni nikagawa sharubati.

Maonyesho makubwa ya mwaka yalipangwa kuwa ya maua ya mlimani, na bibi harusi wake alikuwa okidi moja. Si zile okidi zinazoning'inia kwenye miti. Hii ilikuwa ya ardhini, imetoka kwenye nyasi za juu za mlima Meru, na kwa miaka ilikuwa ndani ya chungu kwenye nyumba ya vioo, ikichanua pale inapojisikia. Ua lake lilikuwa jeupe linaloelekea kijani, ukilitazama haraka hulioni. Ufunguo wa nyumba ya vioo alikuwa nao meneja, na mwingine alimpa Anaeli ili awahi mwanga wa asubuhi. Ofisi ilitenganishwa na chumba chetu cha chai kwa mbao tu, kwa hiyo tulisikia mengi. Siku moja tukiwa tunakunywa chai ya rangi na viazi vitamu, tulimsikia Godlisten, mtoto wa meneja, kijana wa jinzi na pikapu ambaye hatukujua hasa anafanya biashara gani, akisema, "Baba, kuna watu wanalitafuta ua kama lile. Wanapeleka nje." Na baba yake akajibu kwa ukali tusiouzoea, "Lile si la kuuza. Toka ofisini kwangu." Anaeli alinikonyeza. Tuliendelea na viazi.

Ilikuwa wiki ya maonyesho yenyewe. Nilikuwa juu ya ngazi nikitundika picha ndipo mtunza bustani alipoingia akihema kusema chungu kipo, udongo upo, katikati kuna shimo, okidi haipo. Tulikimbia wote kulitazama lile shimo, kana kwamba kulitazama kungeleta kitu. Bwana Aminiel ndiye aliyegeuka wa kwanza. Alirudi stoo, akasimama mbele ya picha ya okidi ambayo nilikuwa nimeitundika asubuhi ile, nzuri kupita zote alizowahi kuchora Anaeli. Ilikuwa imechorwa nzima: ua, shina, majani, na chini ya mstari mwembamba wa udongo, viazi viwili vidogo, kimoja kimejaa, kingine kimesinyaa. Alisogeza uso karibu na karatasi. Kisha akauliza, polepole, "Anaeli. Hivi viazi umeviona wapi?"

"Nyumbani," Anaeli akasema. "Nikiwa mdogo nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kule juu, ukingo ukameguka, nikaiona okidi yote mpaka chini. Iko hivyo. Kiazi kimoja ni cha mwaka uliopita, kingine cha mwaka unaokuja." Alisema kwa yale majivuno yake, akitegemea asifiwe. Alikuwa bado hajaelewa anaulizwa nini. Bwana Aminiel akasema, "Watu wote wa huko wanakata majani, binti. Mimi nimekaa na ua hili miaka, sijawahi kujua chini lina nini. Mtu anajua chini lina nini akiling'oa." Ndipo alipoelewa. Mungu wangu, uzuri wa kazi yake ndio uliokuwa ushahidi! Angechora vibaya, angeishia kwenye udongo kama wachoraji wengine wote, asingeguswa na mtu.

Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ilimpa akili. Alimwambia, "Meneja, tupande wote kwetu Nkoaranga Jumamosi baada ya maonyesho. Nitakuonyesha zinapoota, nitachimba mbele yako. Kama hazina viazi viwili, nipeleke polisi mwenyewe, nitapanda gari kwa miguu yangu." Bwana Aminiel alimtazama, akatazama pembeni, akakubali. Naapa alikubali, nilikuwepo, mkono bado uko kwenye nyundo. Siku zilizobaki tuliishi kwa ile Jumamosi. Chumbani alikuwa anaongea peke yake huku anasonga ugali, ukingo upi utakuwa na maua, njia ipi Bwana Aminiel anaweza kupanda na kitambi chake, na mimi nikimwambia atayamaliza, yataisha, atarudi kuombwa radhi. Niliamini kabisa. Kulikuwa na jambo la kweli, lilikuwa ardhini, lilikuwa la kuchimbwa tu.

Ila habari zilikwisha kupanda mlima kabla yetu. Mtu aliyeshusha ndizi sokoni alisikia kwamba binti wa fulani atapelekwa polisi, akaenda nayo. Na sasa lazima nieleze sale, kwa wasiotoka kwetu. Ni mmea wa majani marefu membamba. Tunaupanda mipakani na makaburini, Wameru na Wachaga vilevile. Ukimkosea mtu, kosa kubwa ambalo maneno hayalibebi, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea. Akiliona hawezi kukukatalia, hata kama umemuulia ndugu. Akilipokea yamekwisha, hayatajwi tena. Zuri sana. Lakini sale halipelekwi na asiye na kosa. Ukilipeleka, umeshasema: ni sisi.

Siku ya maonyesho stoo ilijaa kuliko siku yoyote. Chokaa nyeupe, maua kwenye karatasi, watoto wakikatazwa kugusa, Anaeli kwenye kona amevaa gauni langu la bluu, watu wakimpa mkono bila kujua lolote. Nilikuwa na sinia ya sharubati mikononi nilipomwona mama yake akiingia mlangoni. Alikuwa amevaa nguo za kanisani na amejitwika kikapu cha ndizi. Nikafurahi, nikadhani amekuja kuona picha. Alikiteremsha kikapu, akaingiza mkono chini ya ndizi, akatoa jani, na nikaliona fundo. Wee! Nilitaka kupiga kelele. Kati yetu kulikuwa na watu, nina sinia, glasi zinagongana, nasema "samahani, samahani," na mtu mmoja akachukua glasi na kuanza kuniuliza kama haina sukari nyingi. Mama alikuwa ameshafika kwa meneja. Alipiga goti kidogo, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Baba, nimekuja kwa ajili ya mtoto. Asilale ndani. Pokea."

Bwana Aminiel alilitazama lile jani. Nimemrudia usoni mara nyingi katika maisha yangu, nikitafuta kama kulikuwa na kusita. Hakukuwa na kusita. Alilipokea kwa mikono miwili, upesi, akasema kwa ile sauti yake ya besi iliyofika kila pembe, "Nimepokea, mama. Yamekwisha." Wafanyabiashara wa Kilimanjaro waliokuwa karibu walielewa mara moja, wakaitikia kwa vichwa, mmoja hata akasema, "Huo ndio uungwana." Kisha wote, polepole, kwa huruma, jamani, kwa huruma kabisa, wakageuka kumtazama Anaeli.

Nilimsikia akimwambia mama yake nyuma ya stoo, kwenye mabomba ya maji. "Mama, umeniulia nini?" Na mama, ambaye hata dakika moja hakuamini kwamba mwanae ni mwizi, alikuwa anafungua bomba na kulifunga. "Mimi sikujua habari ya Jumamosi, mwanangu. Niliambiwa polisi. Nikachuma." Basi. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu nikamkosa. Alikuwa amefanya kitu kikubwa kuliko vyote alivyovijua kumwokoa mtoto wake, na kilifanya kazi: hakuna polisi aliyeitwa, hakuna aliyefukuzwa. Anaeli alikuwa amesamehewa jambo ambalo hakulifanya, na huko kwetu hakuna mahali pa kupeleka msamaha ukasema hapana, si wangu.

Jumamosi tulipanda wawili, mimi na yeye, maana meneja alisema haina haja tena. Tulipita hospitali, tukapita migomba, tukaingia kwenye majani. Alizipata. Alichimba kwa kijiko cha chai tulichotoka nacho Sanawari, akaitoa okidi na udongo wake, akaukung'uta, na pale kiganjani vikawa viazi viwili, kimoja kimejaa, kingine kimesinyaa, kama alivyovichora. Tulicheka tukashikana. Tuliiweka kwenye kopo la siagi, na Jumatatu asubuhi tukaingia nayo ofisini. "Shikamoo meneja," Anaeli akasema, akaiweka mezani. "Angalia mwenyewe." Bwana Aminiel aliinama, akaangalia vile viazi, akaangalia dirishani. Halafu akasema kwa upole, "Umeleta nyingine kufidia. Vizuri, binti. Hukuwa na ulazima. Tulishayamaliza." Akamwita mtunza bustani, okidi ikapandwa kwenye kile chungu chenye shimo. Tulisimama tukaangalia ikimwagiliwa maji. Ungesema nini? Kila neno lilikuwa linaongeza kukiri.

Anaeli alimaliza mwezi, akaondoka. Mashamba ya maua ya kupeleka nje ndiyo yalikuwa yanafunguliwa kule chini barabara ya Maji ya Chai, nyumba ndefu za nailoni, na walitaka wasichana wenye mikono myepesi. Anaeli alipanga waridi kwa urefu, refu na refu, fupi na fupi, kwa miaka. Rangi aliniachia mimi ambaye siwezi kuchora hata yai. Zikakauka kwenye sanduku lake. Baadaye aliolewa, akazaa, akauza mboga Tengeru, akanenepa, tukawa tunacheka mambo mengine. Mara moja nikiwa kwake, binti yake alileta kazi ya shule, achore ua na sehemu zake. "Mama nisaidie." Anaeli aliendelea kuchambua mchicha. "Mwombe baba yako," akasema. Baba yake aliichora, vibaya mno, mizizi kama mvi za mzee, na Anaeli akalisifu lile ua. Nilitoka nje kujifanya naangalia kuku.

Kwa hiyo nirudi msibani, kwa sababu kuna jambo ambalo halikuwa kwenye wasifu wala kwenye ratiba. Tulikuwa tumeshazika. Vijana walikuwa wanapanda masale kwenye pembe za kaburi, mama yake Anaeli amekaa kwenye kiti cha plastiki, mzee sasa, amepungua mpaka kanga imemzidi, nami nimesimama nyuma yake nimemshikia mkoba. Akaja mzee anayetembelea fimbo, ameshikwa mkono na mjukuu. Sikumjua mpaka aliposalimia. Ile besi ilikuwa imebaki. Alipiga goti mbele ya mama, na kwa umri wake lilichukua muda, akatoa kwenye koti jani la sale lililofungwa fundo.

"Mama," akasema, "ua lile aliliuza kijana wangu, Godlisten. Siku ile umekuja na sale lako nilikuwa nimeshajua. Niliona nitapona mimi na yeye, nikalipokea nikijua. Nakuomba upokee hili."

Watu wa karibu walisikia, mchungaji alisikia. Mimi nilitaka kumng'oa pale na fimbo yake. Miaka yote hiyo! Alingoja mpaka Anaeli afukiwe! Lakini sale halikataliwi, na kila mtu pale alilijua hilo, naye alilijua kuliko wote alipolichuma. Mama alinyoosha mikono miwili akalipokea. Akasema, "Hili ni lile langu."

"Hapana, mama. Hili ni la kwangu mimi, nimelileta ili..."

"Ni langu," mama akasema. "Nilikupa. Sasa umenirudishia."

Akaanza kulifungua fundo. Vidole vyake havina nguvu tena, na fundo lilikuwa limekazwa sana. Mzee alinyoosha mkono ili amsaidie, akaurudisha. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote na sikujua kama naruhusiwa. Tulisimama hivyo hivyo, watu wazima wote wale, tukimwangalia, mpaka likafunguka. Akalinyoosha jani juu ya goti lake kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu hakuiba." Alikuwa analiangalia kaburi, na kaburi lilikuwa limeshafunikwa na mashada ya waridi.